Nyama Ipi Inaliwa na Ipi Hailiwi?

Ndugu msomaji, je, umepata kula panya? Tafadhali usiteme mate, na usilitupe gazeti. Nauliza kwa sababu wako Watanzania wenzetu wengi ambao wangejibu: "Ndiyo, na ni mtamu."

Nenda mikoa ya Mtwara na Lindi baada ya mavuno. Utawaona vijana wakichimba mashimo mashambani. Wanatafuta panya wa shamba, si yule wa darini. Panya akipatikana hubabuliwa motoni mpaka manyoya yaishe. Hupasuliwa, hutolewa matumbo, kisha huchemshwa kwa chumvi au hukaushwa. Huliwa kwa ugali. Ukivuka mpaka ukaingia Malawi utawakuta kando ya barabara, wamebanwa kwenye vijiti, wanauziwa wasafiri kama sisi tunavyouza mahindi ya kuchoma.

Sasa twende Kagera. Huko kuna senene. Msimu wao mkubwa ni mwezi wa Novemba na Desemba. Usiku watu huwasha taa kali, na senene huufuata mwanga. Hung'olewa mabawa na miguu, hukaangwa, na hupelekwa mjini kama zawadi kwa ndugu. Lakini mtu wa Tanga akipewa zawadi hiyo anaweza kusogeza kiti nyuma. "Mimi nile wadudu?" Na jioni mtu huyo huyo anakula kamba wa baharini, tena anajilamba vidole!

Mchukue kamba mmoja na senene mmoja, uwaweke kwenye sahani moja, uwatazame vizuri. Wote wana miguu mingi. Wote wana ndevu ndefu kichwani. Wote wamevaa ganda badala ya ngozi. Mmoja anaishi majini na mwenzake anaishi majanini, basi. Na wazee wengi wa Kimasai watawakataa wote wawili, pamoja na samaki, maana kwao chakula ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Si mbali na hapo, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, Wahadzabe huwinda nyani na kumla. Jirani zao wanashangaa. Wahadzabe nao wanashangaa kwamba kuna watu wanaoshangaa.

Mkristo anayecheka walaji wa nzige amkumbuke Yohana Mbatizaji, ambaye chakula chake jangwani kilikuwa nzige na asali ya mwitu. Na Waislamu nao wameruhusiwa kula nzige. Nguruwe, kwa upande mwingine, Mwislamu hali kabisa, na jirani yake Mkristo anamfuga. Hayo ni mambo ya dini. Mimi ni mtu wa zahanati, siingii huko. Kila mtu aheshimiwe na asilazimishwe, wala asilishwe kwa kudanganywa.

JE, MBWA?

Hapa kwetu mtu akisikia mwenzake amekula mbwa, habari hiyo huenea kijiji kizima kabla ya jua kutua. Lakini mbwa analiwa katika nchi nyingi. Analiwa Vietnam na sehemu za Uchina. Hapa Afrika analiwa na baadhi ya watu wa Ghana ya kaskazini, na sehemu kadhaa za Nigeria.

Huko Korea ya Kusini mbwa alifugwa kama tunavyofuga mbuzi, na supu yake ilinywewa hasa wakati wa joto kali. Lakini vijana wa siku hizi wa Korea wanafuga mbwa ndani ya nyumba, na wengi hawataki hata kusikia habari ya supu hiyo. Mwezi wa Januari 2024 Bunge lao lilipitisha sheria ya kukomesha ufugaji wa mbwa wa kuliwa, kuwachinja na kuuza nyama yao. Wafugaji na wenye mahoteli walipewa muda wa kutafuta kazi nyingine, na adhabu zikapangwa kuanza mwaka 2027. Unaona, ndugu msomaji? Chakula cha babu kimekuwa chukizo la mjukuu, katika nchi ile ile.

Kuna jambo moja hunichekesha. Mwingereza hali mbwa kwa sababu mbwa ni rafiki yake. Analala naye chumbani, anampa jina la mtu. Sisi hatuli mbwa kwa sababu ni mchafu. Anakula kinyesi na mizoga, na jina lake ni tusi. Sababu mbili zinazopingana, lakini sahani zote mbili hazina mbwa!

Mwingereza huyo huyo hali farasi, wakati jirani yake Mfaransa ana mabucha ya farasi. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba nyama iliyouzwa kama ya ng'ombe huko Ireland na Uingereza ilikuwa imechanganywa na ya farasi. Watu walikasirika mno. Walikasirika kwa haki, maana walidanganywa. Lakini ungewauliza matumbo yao, yasingekuwa na la kusema.

CHUKIZO TUNAFUNDISHWA

Mtoto mchanga hana chukizo. Hutia mdomoni udongo, mende na kiatu cha baba. Sisi wakubwa ndio tunaomwambia, "Ee! Chafu hiyo!" Tunamfundisha chakula cha kwetu na chakula cha watu wengine. Si vibaya. Lakini tusidhani kwamba mafundisho hayo yote yalitungwa ili kutulinda na magonjwa. Mengine yalitungwa kwa ajili ya tumbo la mtu mmoja.

Zamani huko Buhaya, wanawake ndio waliokesha na kuamka alfajiri kukusanya senene. Lakini wao wenyewe hawakutakiwa kuwala. Walaji walikuwa wanaume. Kwa jirani zao wa Buganda, wanawake walikatazwa kuku na mayai. Na mpaka leo, katika vijiji vingi vya nchi yetu, mama mjamzito huambiwa asile mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Ndugu msomaji, si kweli. Nywele za mtoto haziondolewi na yai. Mama mjamzito anajenga mwili wa mtu mwingine ndani ya mwili wake. Anahitaji vyakula vya kujenga mwili kuliko baba, kuliko babu, kuliko mgeni. Mpe yai, mpe samaki, mpe dagaa, mpe maini. Mara nyingi tunawapokea akina mama wamepungukiwa damu, na nyumbani kuna kuku watano wanaotaga. Mayai yameuzwa au ameyala baba. Mimi hapo sioni mila. Naona uchoyo.

Vyakula vya kujenga mwili havichagui kabila. Senene wana vyakula hivyo kwa wingi, pamoja na mafuta. Kumbikumbi pia. Panya pia. Mtoto mwenye utapiamlo, yule aliyevimba miguu na nywele zake zimegeuka rangi, akipewa uji uliochanganywa na unga wa dagaa au wa kumbikumbi, mwili wake hauulizi unga ule ulitoka wapi. Kwa hiyo, mwanao akirudi shuleni akisema kwamba wenzake wanamcheka kwa sababu kwao wanakula panya, usimwambie aache kula. Nenda ukazungumze na wazazi wa wale wanaocheka.

CHUKIZO SI KINGA

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba nyama inayowachukiza ndiyo yenye hatari, na nyama wanayoipenda ndiyo salama. Sivyo. Sikiliza habari za Pemba.

Nyama ya kasa wa baharini hupendwa na watu wa pwani na visiwani tangu zamani, ingawa siku hizi kasa analindwa kwa sheria. Mwezi wa Novemba 2021, huko Pemba, watu saba walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa kidogo cha Panza, huko huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa nyama hiyo hiyo. Mtu mzima huyo alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliokufa. Watu wengine 78 walilazwa hospitali. Watu hawa hawakula kitu cha ajabu kwao. Walikula kitoweo cha sherehe, wakagawana na majirani.

Sumu ya kasa haitokani na uchafu. Wataalamu wanafikiri inatokana na mwani wa baharini wenye sumu ambao kasa huula, na yeye mwenyewe haumdhuru. Si kila kasa ana sumu, na huwezi kumtambua mwenye sumu kwa macho wala kwa harufu. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga hakuiondoi. Kukausha hakuiondoi. Mgonjwa huwashwa mdomo na koo, hutapika, hushindwa kumeza, kisha husinzia na kuzimia. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haijapatikana. Hospitali humsaidia mgonjwa tu, ili mwili wake upambane. Watoto ndio hufa zaidi. Hata mtoto anayenyonya anaweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula. Ndugu zangu wa pwani, kasa mwacheni baharini.

Turudi kwa mbwa. Hatari yake kubwa ni kichaa. Vijidudu vya kichaa hukaa katika ubongo na mate ya mnyama anayeumwa. Moto wa kupikia huviua. Kwa hiyo mwenye hatari kubwa si yule anayekula nyama iliyoiva. Ni yule anayechinja, anayechuna na anayepasua kichwa, hasa akiwa na mchubuko mkononi. Mwaka 2009 madaktari walieleza habari za wagonjwa wawili wa Hanoi, nchini Vietnam, waliokufa kwa kichaa bila kung'atwa. Mmoja alikuwa amemtayarisha mbwa aliyegongwa na gari. Mwingine alikuwa amemchinja paka aliyekuwa mgonjwa.

Hapa kwetu kichaa huletwa hasa na meno ya mbwa, siyo na sufuria. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda ukachomwe sindano za kinga siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili za kichaa zikianza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Tena mbwa wako achanjwe kila mwaka. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika wilaya nyingi chanjo hutolewa wakati huo. Uliza ofisi ya kijiji.

Ninyi mnaokula panya, sikucheka, lakini nina maneno mawili. Kwanza, msile panya aliyeokotwa amekufa, wala panya wa nyumbani. Huenda amekula sumu ya panya, na sumu hiyo itaingia kwako. Pili, tauni. Wilaya ya Lushoto iliingiwa na tauni mwaka 1980, na ugonjwa ule ulirudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Panya akipoa, viroboto humhama na kutafuta mwili wenye joto, na mwili huo ni wako. Mahali penye tauni panya asiguswe hata kidogo. Ukiona panya wengi wanakufa ovyo bila kuwekewa sumu, toa habari zahanati upesi. Na wenzetu walaji wa nzige: wakija wale wa makundi makubwa, na ndege za serikali zikapita kunyunyiza dawa, msiwale. Dawa ile imo ndani yao.

Kuhusu nyani, sokwe na popo sitasema mengi. Mwaka 1996 huko Gabon, katika kijiji cha Mayibout, watu walimwokota sokwe porini akiwa amekufa, wakamchuna na kumkata. Wengi wao wakashikwa na Ebola. Hatari ilikuwa katika damu kabla nyama haijafika jikoni. Mkoa wa Kagera uliingiwa na ugonjwa wa Marburg mwezi wa Machi 2023, na tena mwezi wa Januari 2025. Sisemi kwamba watu wale walikula popo. Nasema kwamba vijidudu vya Marburg hukaa ndani ya popo fulani wanaokula matunda na kulala mapangoni. Kwa hiyo watoto wasicheze katika mapango yao.

NG'OMBE WAKO ALIYEKUFA MWENYEWE

Nimezunguka Korea na Gabon, lakini nyama inayonitia hofu kuliko zote haiko huko. Ni nyama ya ng'ombe. Ni ile ya ng'ombe aliyekutwa asubuhi zizini amekufa, jana alikuwa mzima.

Najua yanayofuata. Mwenye ng'ombe amepata hasara kubwa. Ng'ombe yule alikuwa ada ya shule, alikuwa plau, alikuwa mahari. Jirani mmoja anasema, "Tumuwahi kabla hajaoza." Kisu kinaletwa. Nyama inagawanywa na kuuzwa rahisi, tena kwa mkopo. Mtu ambaye angetapika kwa kuona mkia wa panya anainunua kilo mbili bila swali, kwa sababu ni ng'ombe. Haimchukizi. Haina harufu. Ni nyekundu na nzuri. Waislamu wanasema kibudu ni haramu, na katika jambo hili dini na zahanati zinasema sauti moja.

Ugonjwa ninaouhofia ni kimeta. Unawashika ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na wanyama wa porini. Mwaka 2016 ulizuka wilaya ya Monduli, ukaua wanyama wa porini na mifugo, na ukawashika watu. Dalili zake ni hizi: mnyama hufa ghafla. Tumbo huvimba upesi. Damu nyeusi isiyoganda humtoka puani, mdomoni au nyuma. Mwili haukakamai kama ulivyo kawaida ya mzoga.

Ukimpasua mnyama huyo, umefanya kosa kubwa. Vijidudu vya kimeta vikikutana na hewa hujivika ganda gumu. Vikiwa ndani ya ganda hilo hukaa udongoni miaka mingi, hata miaka makumi. Mvua hainyeshi ikaviua, jua haliwaki likaviua. Ng'ombe atakayekula majani mahali pale baadaye anaweza kufa. Yaani kwa kuokoa nyama ya ng'ombe mmoja, umepanda kaburi la ng'ombe wa wajukuu wako. Na usitegemee sufuria. Vijidudu vyenye ganda huvumilia moto ambao ungeua vijidudu vingine.

Kwa mtu, kimeta huanza mara nyingi mkononi au usoni. Hutokea kipele kinachowasha. Kipele huwa lengelenge, lengelenge huwa kidonda cheusi katikati. Kidonda hicho hakiumi, na kwa sababu hakiumi, watu hukipuuza. Aliyekula nyama yake hushikwa na homa, tumbo kali, kutapika na kuharisha damu. Huyo ana hatari ya kufa. Lakini dawa zipo, na mgonjwa akiwahi hupona. Ukija zahanati sema kweli: "Nilichuna ng'ombe aliyekufa." Usione aibu, wala usiogope kwamba utapelekwa kwa mwenyekiti. Mgonjwa anayeficha habari hii hupewa dawa za malaria na kurudishwa nyumbani.

Wengine huniuliza, "Basi nani atanilipa ng'ombe wangu?" Ni swali la haki, na sina fedha za kumlipa. Ninachoweza kusema ni kwamba chanjo ya kimeta ipo. Mifugo huchanjwa mara moja kwa mwaka, na bei ya chanjo ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya ng'ombe. Kijiji kikikubaliana na kumwita Bwana Mifugo kwa pamoja, kazi huwa nyepesi kuliko kila mtu kwenda peke yake.

Na wewe mnunuzi, ukienda buchani tazama muhuri wa mkaguzi kwenye nyama. Kama hauko, uliza. Bucha lisilojibu, rudi na fedha yako, ukanunue maharage.

Siku utakapomkuta ng'ombe amekufa ghafla, fanya hivi. Usimguse, usimchune, usimpasue hata kutazama bandama. Funga mbwa wako asifike pale. Weka miiba kuzunguka mzoga, na mtu mzima mmoja abaki kufukuza kunguru. Mtume kijana akamwite Bwana Mifugo, na mwingine akamwarifu mwenyekiti wa kijiji. Bwana Mifugo akithibitisha ni kimeta, mzoga huchomwa moto mpaka uwe majivu, au huzikwa mzima pamoja na ngozi yake. Shimo liwe na kina cha mita mbili, mbali na kisima na mto. Udongo uliolowa damu nao uchimbwe na kutiwa shimoni humo humo. Kisha pangeni mawe juu, ili fisi asifukue usiku.